Sahani, Upande wa Mezani

Mama alishuka kwenye treni ya saa tatu kasoro,
kiatu kimoja kwanza, akakijaribu kigae cha stesheni
kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga.
Alivaa koti la misiba, ndilo pekee lenye vifungo vyote.
"Korbinian," akasema, "umekonda. Haya, nionyeshe huo mji."

Miaka sita naishi Regensburg
na mji naujua kwa mgongo wake:
milango ya jikoni, mapipa, paka, mvuke.
Twende, nikamwambia. Nikajitia mwenyeji.

Kwenye ukuta wa nyumba ndefu amechorwa Goliathi,
kiwiko kakiegemeza juu ya dirisha la mtu.
Watalii waliinua simu. Mama aliinua kidevu.
"Na kodi halipi," akasema, tukapita.

Katika kanisa kuu nilianza kueleza
niliyoyakariri usiku kwenye kijitabu,
maaskofu, wafalme, karne hii na ile,
akanigusa mkono: nyamaza.
Alikuwa anatazama vioo.
Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya tanuru
kule kwetu msituni, hadi walipofunga kiwanda
wakampa saa ya ukutani.
Hakutazama watakatifu. Alitazama buluu.
"Hiyo," akanong'ona, "mtu aliunguza nyusi zake kuipata.
Na pale, kwenye vazi la yule mwenye funguo,
mna kiputo. Msimamizi wangu angekivunja kioo chote."
Kisha, baada ya kitambo:
"Afadhali hakuwepo."

Karibu na daraja la mawe nikamwonyesha alama za mafuriko:
mstari, mwaka, mstari, mwaka,
mmoja umenipita kichwa.
Akasimama mgongo ukutani kama mtoto anayepimwa urefu,
akataka kujua Danubi ya miaka mingapi
ingemwachia pua nje.
Tukahesabu. Miwili tu.
Akacheka hadi akashika ubavu.

Mchana soseji sita, nyembamba kama vidole,
kabichi chachu, haradali tamu.
Alikula nne. Mbili akazifunga kwenye leso:
"Za njiani."

Jioni nikampeleka ninapofanya kazi.
Sijawahi kukaa upande ule.
Kumbe taa za mezani zina rangi ya asali.
Kumbe kelele za jikoni hazifiki, ila kidogo,
kama jirani anayehamisha kabati.
Quirin, mhudumu anayenifokea kila siku ya Mungu,
alinivutia kiti akaniita bwana,
masikio yake mekundu kuliko yangu.

Madonge ya viazi yalikuja yakielea kwenye mchuzi mzito.
Mama hakugusa uma. Alichukua glasi,
akaielekeza kwenye taa, akaizungusha kwa mguu wake,
taratibu, vile alivyozungusha maelfu,
akitafuta kosa.
Nikaacha kutafuna. Jamani,
mtu na miaka yangu thelathini na minne
nangoja kusahihishiwa daftari.
"Nani anaosha hizi?" aliuliza, na anajua.
"Mimi. Leo kuna kijana wa zamu."
Akamimina maji. Akanywa yote.
Hakuongeza neno, akahamia kwenye nyama.

Tulipomaliza alifuta mchuzi kwa mkate,
akapanga sahani ndogo juu ya kubwa,
visu huku, uma huku, mifupa pembeni.
Quirin akaja mbio: "Mama, acha, hiyo kazi yetu."
"Yako siyo," akamjibu.

Treni ilikuwa ya saa nne usiku.
Akakaa dirishani, akakipulizia kioo pumzi,
akakisugua kwa mkono wa lile koti,
akakunja uso, akasugua tena,
kisha akanionyesha kwa kidole:
uchafu uko nje, upande wako.
Nikatoa leso.
Behewa likaanza kusogea nami nikiwa nusu ya kioo,
nikasugua huku natembea,
huku nakimbia,
naye ndani akielekeza: juu, juu kidogo,
bado pale pembeni.